Sinema ya Kilio

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Machi, mwaka 1999, wageni saba kutoka Awasi walifika Kisian, nyumbani kwa Absalom Ogola, kumwomba binti yake Lornah aolewe na kijana wao Tom Oduor. Walikula wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa Amolo, nyanya yake Tom. Kila sahani iliyowekwa mbele yake aliisogeza kando kwa vidole viwili, kama mtu anayesogeza kitu kisicho chake.

"Mama, kuku hajaiva?" Absalom alimwuliza.

"Kuku ameiva."

"Ama ni chumvi?"

"Chumvi haina neno." Mzee huyo alimtazama Lornah, aliyekuwa amesimama na birika la maji ya kunawa. "Huyu mtoto nilikwisha kumlilia. Machozi yangu yalitoka pale uwanja wa soko Awasi, mbele ya watu. Mtu uliyemlilia, utakulaje mkononi mwake?"

Hakuna aliyeuliza ana maana gani. Msemaji wa wageni, Obiero, ambaye alikuwa baba mdogo wa Tom, alijaribu kuliokoa jambo kwa mzaha.

"Mama, ile ni sinema. Mimi mwenyewe nimemwona akifa mara nne, na leo nimekula mapaja mawili ya kuku wake."

Watu walicheka kidogo. Amolo hakucheka. Saa tisa wageni wakaaga, wakasema watatuma neno, na kila mtu pale alijua neno la namna hiyo huwa halitumwi. Tom alitoka mwisho. Alisimama mlangoni akigeuzageuza kofia yake, kisha akaenda.

Perez, mama yake Lornah, alikuwa jikoni. Alisikia yote kupitia ukuta wa udongo. Alijua, kuliko mtu mwingine yeyote katika boma lile, kwamba Amolo angeweza kujibiwa kwa jina moja tu. Jina hilo alikuwa amelibana kifuani miaka ishirini na mitatu, na akilitamka nyumba yake ingebomoka. Asipolitamka, binti yake angekataliwa mara ya pili.

Mambo haya yalianza Agosti 1980. Perez alikuwa na miaka ishirini na minne, mke wa karani wa bandari, na fundi wa cherehani kwenye veranda ya duka hapo Kisian. Wiki hiyo yalifika magari mawili ya wapiga sinema kutoka Nairobi. Walitaka kutengeneza filamu fupi ya kufundisha watu juu ya surua: mama anakataa kumpeleka mtoto kuchanjwa, mtoto anaugua, mama anachelewa, mtoto anafariki. Waliomba boma la Absalom kwa sababu lilikuwa karibu na barabara na lilikuwa na kivuli kizuri asubuhi. Absalom alikubali. Alipenda kuonwa kama mtu wa maendeleo.

Walikuja na mwigizaji wao. Siku ya tatu gauni la mwigizaji lilichanika begani, na Perez akaitwa alishone. Aliketi kwenye kigoda na sindano yake, Lornah wa miezi kumi na mitano amelala kwenye mkeka karibu na miguu yake, akawa anatazama. Mwigizaji alivaa leso juu ya kifua, akalia. Mkubwa wa wapiga sinema, Bwana Wakhisi, akasema, "Tena." Akalia tena. Mara ya nne Perez akashindwa kujizuia, akacheka.

"Fundi, kitu gani kinakuchekesha?" Wakhisi aliuliza.

"Nisamehe, Bwana. Lakini hapo hakuna msiba. Dada analia kama mtu aliyeibiwa mkoba."

"Na mtu aliyefiwa hulia vipi?"

Perez aliichomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi yake isije ikapotea. Alisimama, akaweka mikono kichwani, akaenda mpaka lango la boma na kurudi kwa mwendo ule wa wanawake wenye msiba, hatua tatu mbele na kujitupa kando, akaachilia sauti. Wanawake wawili waliokuwa wakipita barabarani waliingia mbio, leso wamekwisha kujifunga viunoni, wakiuliza ni nani amekufa.

Wakhisi aliuliza jambo moja tu. "Unaweza kurudia?"

Mwigizaji akapewa chai, na gauni lake akavalishwa Perez. Mtoto wa kuliliwa hakutafutwa mbali. Lornah alikuwa amelala tayari. Wakamvisha gauni la njano, wakamlaza katikati ya ua, wakamfunika shuka hadi kidevuni.

Perez alipolia safari ya pili, mashine ikiwa inazunguka, maneno yalimtoka bila kuitwa. Alilia kwa Kijaluo: "Umeniachia shati. Sasa shati hili nimvishe nani?"

Si Lornah aliyekuwa akimlilia. Mwaka 1976, kabla hajaolewa, Perez alikuwa amezaa mtoto wa kiume nyumbani kwao Gem. Walimwita Ochieng. Aliishi miezi saba, akafa kwa surua asubuhi ambayo Perez alikuwa anamalizia kumshonea shati la kwanza. Kwa sababu alikuwa mtoto wa msichana asiyeolewa, alizikwa nyuma ya nyumba kimyakimya, na Perez akaambiwa na kaka yake asipige kelele watu wakasikia. Mwaka uliofuata Absalom alikuja kuposa. Alikuwa mtu wa kanisani na wa msimamo, na aliwaambia wazee wa Gem wazi kwamba hawezi kuoa mwanamke aliyezaa nyumbani. Kaka yake Perez akamjibu kwamba nyumba hii haina jambo kama hilo. Perez alikuwa amepiga magoti na sinia la chai mikononi. Hakusema kitu.

Basi pale uani, mbele ya mashine ya wageni, ndipo alipopata ruhusa ya kumlilia Ochieng kwa sauti. Mwenyewe hakugundua kwamba alililia shati wakati mtoto aliyekuwa mbele yake alikuwa wa kike, mwenye gauni. Wakhisi hakujua Kijaluo. Wengine walikuwa wanapangusa machozi.

Mama mkwe wake, ambaye watu walimwita Nyar Seme kwa kuwa alizaliwa Seme, alirudi kutoka sokoni akakuta kaburi dogo limechimbwa nyuma ya ghala la nafaka.

"Ni la picha tu, Mama," Wakhisi alimweleza. "Tukimaliza tunafukia."

"Shimo halijui picha." Nyar Seme alikwenda mgombani, akakata kigogo cha mgomba urefu wa mtoto, akakilaza shimoni, akasukuma udongo kwa jembe lake mwenyewe mpaka pakawa sawa. Kisha akaja kumsimamia mkaza mwana wake. "Shimo nimelilisha, Nyar Gem. Hicho kilio ulichomlilia mtoto aliye hai, utakilisha nini?"

Perez alimpakata Lornah, ambaye alikuwa ameamka na kutaka kunyonya, akajifanya hakusikia.

Filamu ilikuwa ya dakika ishirini na mbili. Mwanzoni mwa 1981 ilianza kuzunguka na gari la sinema, kutoka Kisian hadi Maseno, Awasi na vituo vyote vya kandokando ya ziwa. Aliyeendesha mashine aliitwa Wabwire, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, kutoka upande wa Busia. Desturi yake ilikuwa kuonyesha filamu ya afya kwanza, halafu kichekesho, ili watu wasiondoke kabla ya mafundisho. Lakini filamu hii ilimharibia hesabu. Watu walitazama mafundisho, wakafika pale pa kilio, wakalia, wakapangusa pua, kisha mtu akapaza sauti: "Rudisha." Wabwire alirudisha. Kuna jioni, pale Maseno, kichekesho hakikuonyeshwa kabisa.

Jina lililoandikwa mwanzoni mwa filamu hakuna aliyelikumbuka. Watu waliiita Sinema ya Kilio. Ilionyeshwa mwaka hadi mwaka kwa kuwa hakukuwa na pesa za kutengeneza nyingine, na watu waliijua kama wanavyojua nyimbo za kanisani. Walisema maneno ya daktari kabla hajafungua mdomo. Walimzomea jirani mbaya. Na mama alipoweka mikono kichwani, uwanja mzima ulinyamaza, halafu ukasema naye: "Umeniachia shati. Sasa shati hili nimvishe nani?"

Perez aliifuata. Akisikia gari liko Kisian, alikwenda. Likiwa Maseno, alifunga cherehani mapema akaenda. Mara thelathini na moja, kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Alisimama nyuma, leso imefunika kichwa, akalia pamoja na wale waliokuwa wakimlilia mtoto wasiyemjua. Hakuwa na mahali pengine pa kufanyia hivyo. Kaburi la Ochieng lilikuwa kwa kaka yake, na mwanamke aliyeolewa haendi kukaa kwenye kaburi ambalo mumewe hajui lipo.

"Mke wangu anapenda sifa," Absalom aliwaambia wenzake bandarini, bila ubaya. "Anakwenda kujitazama kama mtu aliyenunua kioo."

Aliyelipa ni Lornah. Alianza shule mwaka 1985, na wiki ya kwanza akarudi akiuliza marehemu maana yake nini. Watoto walimwita hivyo. Walipogombana naye walijiwekea mikono kichwani na kuimba ile ya shati. Alipopata malaria, majirani walitazamana. Nyar Seme aliyakataza maneno hayo alipokuwa hai, kwa fimbo na kwa ulimi, lakini alifariki mwaka 1987 na fimbo yake ikafa naye. Katika shule ya bweni, msichana aliyepangiwa kitanda cha chini yake alihamisha godoro lake siku ya pili. "Sina ubaya na wewe," alimwambia, "ila usiku nikiangalia juu nakuona umefunikwa shuka."

Lornah alikuwa mtoto wa kunyamaza. Mara moja tu, akiwa na miaka kumi na mitatu, alimwuliza mama yake, "Kwa nini usiwaambie ulikuwa unaigiza?"

"Wanajua niliigiza."

"Basi kwa nini hawaachi?"

Perez alikuwa anakata kitambaa cha sare za shule. Alikata mpaka mwisho wa mstari wa chaki, akasema, "Watachoka."

Hawakuchoka. Gari la sinema liliharibika mwaka 1992 na halikutengenezwa, na kwa miezi michache Perez alifikiri jambo limekwisha. Kisha filamu ikahamishiwa kwenye kanda ya video, ikawa inaonyeshwa kila Jumanne kwenye benchi za kina mama katika kliniki moja huko mjini. Mwaka 1997 kijana wa Asembo alileta watu wake kumwona Lornah. Shangazi mmoja wa kijana huyo alikuwa ametoka kliniki Jumanne hiyo hiyo. Hawakurudi.

Sasa Lornah alikuwa karibu kutimiza miaka ishirini. Alifanya kazi Maseno, akiwapigia chapa wanafunzi wa chuo kikuu kazi zao na kuwatolea nakala. Huko ndiko alikompata Tom, aliyekuwa msaidizi wa maabara. Siku ile wageni walipoondoka, Lornah aliosha vyombo vyote peke yake. Sahani ya Amolo, na chakula chake kikiwa vilevile, aliibeba mpaka kwenye banda la kuku akaimwaga.

"Nitakwenda Awasi kumwona yule mzee," Perez alimwambia.

"Kumwambia nini?"

"Nitamwomba."

"Basi nitakuja. Nimechoka kuombewa nisipokuwepo."

Walikwenda Jumatano. Walimkuta Amolo ameketi nje ya nyumba yake, miguu ameinyoosha, ungo wa mchele mapajani, akichambua mawe. Aliwaonyesha mkeka. Aliwauliza habari za Kisian, za mvua, za miguu ya Absalom. Alipomaliza adabu akasema, "Sema, Nyar Gem."

"Mama, nimekuja kwa unyenyekevu. Ile ilikuwa kazi ya watu wa serikali. Walinipa gauni, walinipa maneno..."

"Maneno hawakukupa." Amolo alitupa jiwe dogo kwenye majani. "Mimi nimeitazama sinema yako mara kumi na moja. Mara ya kwanza nililia. Ya pili nililia. Ya tatu, mtu huanza kutazama mambo mengine. Nikatazama viatu vya daktari. Nikatazama kuku anayepita nyuma yako, ana mguu mbovu. Mara ya sita ndipo nikakusikia. Mtoto amelazwa na gauni la njano, na wewe unalilia shati."

Perez alitazama mikono ya yule mzee. Haikusimama.

"Nikasema labda ni namna ya kuimba tu. Lakini mimi nimezika wanne. Mwanamke anaweza kukosea jina la mtoto wake akiwa na uchungu. Nguo yake hakosei." Alipeperusha ungo mara mbili. "Kama kilio kile ni cha binti huyu, siwezi kula mkononi mwake mpaka naingia kaburini, na Tom atanisamehe. Kama kina mwenyewe mwingine, nitajie mwenyewe. Shati lilikuwa la nani?"

"Lornah," Perez alisema, "hebu nenda ukaniombee maji kwa wale kina mama."

"Abaki," Amolo alisema. "Yeye ndiye anayeolewa."

Lornah alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, mkoba juu ya magoti. Hakuondoka. Perez aliufunga upindo wa leso yake fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Ochieng," alisema.

"Wa nani?"

"Wangu. Nilimzaa kwetu, kabla ya kuolewa. Alikaa miezi saba. Ilikuwa surua."

"Na shati?"

"Nilikuwa nalimalizia asubuhi ile. Lilibaki kifungo kimoja."

Amolo aliweka ungo chini. Kisha akaita ndani ya nyumba, "Leteni uji." Uji ulipoletwa, hakuuchukua kwa mkaza mwana wake. Alimwelekeza Lornah kwa kidevu. Lornah alisimama, akapokea kibuyu, akamimina kwenye bakuli, akapiga goti na kumpa kwa mikono miwili. Amolo akanywa mpaka mwisho, akapangusa mdomo.

"Huyu hajaliliwa," alisema. "Nitamwambia Obiero watu waje. Hilo jingine halinihusu, na kinywa changu si ngoma."

Perez alilia njiani. Alilia kwa kushukuru, kidogo tu, akitembea, akipangusa kwa kiganja. Walikuwa wamefika kwenye kituo cha magari ya Kisumu, mbele ya wauza viazi, ndipo Lornah akasema neno lake la kwanza.

"Baba anajua?"

"Hajui."

"Na nyanya Nyar Seme alijua?"

"Hapana. Mjomba wako tu. Na wewe sasa."

Lornah aliutazama msongamano wa watu, kama anayehesabu. "Ungesema hilo jina mara moja tu. Nilipokuwa darasa la kwanza."

"Babako angenifukuza, Lornah. Ungelelewa na nani?"

"Sijui. Pengine ningekuwa mtoto wa mama aliyefukuzwa. Tulikuwa nao watatu darasani. Walikuwa na marafiki."

"Usiseme hivyo."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nakufa kila mwezi, uwanjani, mbele ya watu, ili yeye asijue."

"Ulikuwa mdogo. Nilifikiri hutakumbuka."

"Nilikuwa mdogo. Halafu nikakua." Aliusogeza mkoba begani. "Na kila mara ulikwenda kutazama. Wananicheka, nawe umesimama pale nyuma unatazama."

"Sikuwa nakwenda kukutazama wewe," Perez alisema.

Alilisema kumtuliza. Likiwa limekwisha kutoka ndipo naye alipolisikia. Lornah aliitikia kwa kichwa polepole, kama karani aliyepewa karatasi aliyokuwa akiingoja, na gari lilipokuja alikaa mbele na dereva, akamwacha mama yake akae nyuma.

Hakumwambia baba yake. Perez alingoja wiki mbili akitazama mdomo wa binti yake kila jioni Absalom alipoingia. Lornah aliongea na baba yake juu ya mahindi, juu ya Maseno, juu ya idadi ya wageni. Aliongea na mama yake pia, kwa heshima, juu ya sufuria na unga. Alipotaka gauni la sherehe lipunguzwe kiunoni alilipeleka kwa fundi mwingine, Kisumu mjini, akalipa.

Sherehe iliwekwa Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Aprili. Absalom alikuwa na furaha ambayo haikuwa imeonekana kwake tangu astaafu. Aliamini ni mapaja ya kuku na upole wake vilivyomlegeza yule mzee wa Awasi, na alitaka jambo lile lizikwe mbele ya watu wote. Akapata wazo. Alimkodi Yahya, mwenye duka la video mjini, aje na televisheni, mashine yake na jenereta. Kanda yenyewe aliiazima kliniki, kwa barua aliyoiandika kwa mwandiko wake mzuri wa bandarini.

"Tutaitazama pamoja," alimwambia Perez. "Wa Awasi na wa Kisian. Lornah akiwa amesimama pale pale, mzima, na nguo mpya. Watacheka, na itaisha."

"Baba Lornah, watoto wamechoka na ile sinema."

"Nani amechoka? Wewe? Wewe uliyekuwa ukiikimbilia mpaka Maseno?"

Perez alitafuta sababu ya pili. Kila sababu aliyoigusa ilikuwa na Ochieng ndani yake. Akaenda kuchagua mchele.

Saa nane mchana, baada ya chakula, madirisha ya sebule yalizibwa kwa mablanketi. Watu walijazana hadi mlangoni. Amolo aliwekwa kwenye kiti cha mbele. Alikuwa amekula kila kitu, na Absalom alikuwa amehakikisha kila mtu ameona. Jenereta lilinguruma nje. Kwenye kioo cha televisheni, kidogo na chenye mikwaruzo, boma hili hili likatokea, na ghala la nafaka ambalo halikuwapo tena, na Perez wa miaka ishirini na minne.

Walisema maneno ya daktari kabla hajayasema. Walimzomea jirani. Obiero alimwonyesha kila mtu kuku mwenye mguu mbovu, kwa kuwa Amolo alikuwa amemwambia. Kisha mama akaweka mikono kichwani, chumba kikanyamaza, halafu kikasema kwa pamoja, wanaume na wanawake, na Absalom juu ya wote, akipiga magoti yake kwa viganja: "Umeniachia shati. Sasa shati hili nimvishe nani?"

Watatu hawakusema. Amolo alikuwa akitazama miguu yake. Perez, aliyekuwa ameketi karibu na ukuta, alianza kuinuka. Mkono ukamgusa begani kutoka nyuma, mwepesi, bila kusukuma.

"Kaa, Mama," Lornah alimwambia sikioni. "Utazame. Hakuna aliyeipenda kama wewe."

Perez akakaa.

Picha iliisha kwa daktari kuwafundisha kina mama. Kabla jina la mwisho halijapita, mtu mmoja mlangoni akasema, "Rudisha," na wengine wakaitikia, wakicheka, kwa kuwa walikuwa wamekumbuka zamani. Yahya akabonyeza. Waombolezaji wakaenda kinyumenyume mpaka langoni, shuka likafunuka lenyewe juu ya mtoto mwenye gauni la njano, machozi yakapanda yakarudi machoni. Yahya akaachia, na kilio kikaanza upya.

Absalom alimgeukia mkewe gizani, uso umejaa furaha. Alitaka watu wote wasikie.

"Mama Lornah, mbona leo hulii? Enzi zile ulikuwa unatuloweshea leso."

Watu walicheka, wakamgeukia Perez, wakangoja. Perez aliufunga upindo wa leso yake fundo.

"Amezoea, Baba," Lornah alijibu, akaendelea kuwagawia wageni soda.